Kamba Inayokaza Ikivutwa: Jinsi Kadherini na Katenini Zinavyoshikanisha Seli

Chukua mchoro ambao mwanafunzi wa udaktari, awe Makerere, Mbarara au Gulu hapa Uganda, hukutana nao mapema anapoanza kusoma tishu. Seli mbili zimelala ubavu kwa ubavu. Kwenye utando wa kila seli umechomoza mkono, na mikono hiyo miwili imeshikana katikati. Huo mkono ni protini iitwayo kadherini. Ndani ya seli, mkia wa kadherini umeshika beta-katenini, beta-katenini imeshika alfa-katenini, na alfa-katenini imeshika uzi wa aktini, protini inayojenga kiunzi cha ndani cha seli. Mshale, mshale, mshale. Mtihani ukija, anayeandika majina hayo manne kwa mfuatano wake anapata alama zake na kwenda nyumbani.

Mchoro huo hausemi uongo. Kasoro yake ni kwamba umetulia mno. Unamfanya msomaji aamini kuwa protini hizi zilifungwa pamoja siku moja na kazi ikaishia hapo, ilhali ngozi ya kiwiko huvutwa kila unapokunja mkono, utumbo hujikamua mchana na usiku, na moyo haujawahi kupewa likizo. Imechukua karibu miaka arobaini ya utafiti kuelewa kwamba mnyororo huu hautegemei gundi, unategemea kuvutwa. Na jambo hilo halieleweki vizuri bila kujua watu walivyolifikia, hatua kwa hatua, pamoja na mahali walipokwama.

Mambo yalianza na chupa ya tripsini. Katikati ya miaka ya 1970, Masatoshi Takeichi, mtafiti kijana kutoka Chuo Kikuu cha Kyoto, alikwenda kufanya kazi kwa muda katika Taasisi ya Carnegie mjini Baltimore, Marekani. Alikuwa akichunguza namna seli zinavyoshikana. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: unazitenganisha seli kwa tripsini, ambayo ni kimeng'enya kinachokata protini, kisha unazizungusha polepole katika kimiminiko uone kama zitarudi kukumbatiana. Kyoto zilikuwa zikirudiana upesi. Baltimore zikakataa. Alipotafuta sababu, akaikuta kwenye chupa: tripsini ya Baltimore ilikuwa imechanganywa na EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu na kuiondoa katika kimiminiko.

Mtu mwingine angebadilisha chupa na kuendelea na shughuli zake. Takeichi aliuliza swali lililomfaa zaidi: kama kuna kalsiamu tripsini inashindwa kuondoa uwezo wa seli kushikana, na kama hakuna kalsiamu inaufuta kabisa, je, si ina maana kuna protini fulani kwenye uso wa seli ambayo kalsiamu huikinga isikatwe? Mwaka 1977 alichapisha ushahidi wa jambo hilo, na mwaka 1984 protini hiyo ikapewa jina la kadherini. Wakati uleule Rolf Kemler na wenzake barani Ulaya walikuwa wakiifikia protini hiyohiyo kwa njia nyingine: waliweka kingamwili kwenye viinitete vya panya, na viinitete vikashindwa kujikaza katika hatua ya seli nane, pale ambapo seli zilizokuwa zimekaa kama vipira vilivyoachana hubanana na kuwa donge moja. Anayefuga seli leo, awe Entebbe au Osaka, humimina tripsini yenye EDTA kwenye chupa yake bila hata kufikiri. Anafanya kwa makusudi kile kilichomtatiza Takeichi.

Kwa nini kalsiamu? Sehemu ya kadherini iliyo nje ya seli ina vipande vitano vilivyofuatana, kila kimoja kikiwa na asidi amino zipatazo 110. Nazungumzia ile kadherini ya tishu zinazofunika viungo, inayoitwa E-kadherini. Katika kila maungio kati ya kipande na kipande hukaa ayoni tatu za kalsiamu, jumla kumi na mbili kwa mkono mzima. Zikiwepo, mkono unanyooka na kuwa mgumu. Zikiondolewa, vipande vinalegea, tripsini inapata pa kukata, na mkono hauna tena uwezo wa kumfikia jirani. Nje ya seli zetu kalsiamu ni kati ya milimoli 1 na 2 kwa lita, kiasi kinachotosha. Katika kimiminiko cha ndani ya seli ni pungufu kwa takribani mara elfu kumi.

Namna mikono inavyoshikana ni jambo la kupendeza. Kwenye ncha ya kila kadherini kuna utepe mfupi wa protini wenye asidi amino iitwayo triptofani katika nafasi ya pili. Kadherini ya seli moja huingiza triptofani yake katika kijishimo kilicho kwenye kadherini ya seli ya pili, na ya pili nayo inafanya hivyohivyo. Wanabadilishana. Kila mkono, kabla ya kukutana na mwenzake, ulikuwa umejichomeka triptofani yake katika kijishimo chake wenyewe, kwa hiyo kubadilishana kunaleta faida ndogo tu ya nishati. Matokeo yake ni mshiko dhaifu. Jozi moja ya kadherini ikiachwa peke yake huachiana upesi. Nguvu ya kiungio inatokana na wingi, kadherini nyingi zikijipanga pamoja mahali pamoja, na inatokana pia na kile kinachotokea ndani ya seli.

Mkia usioonekana

Hapa ndipo majaribio ya miaka ya 1980 yalipokuwa na ladha. Mwaka 1987 kikundi cha Takeichi kilichukua seli za panya ziitwazo seli L, ambazo kwa kawaida hazina kadherini na hazijali majirani, zikapewa jeni ya E-kadherini. Zikashikana mara moja. Mwaka uliofuata wakachanganya seli zenye kadherini za aina tofauti, na seli zikajitenga zenyewe, kila kundi na wenzake. Wengi walisoma matokeo hayo wakasema basi, siri ya tishu imejulikana: kila aina ya seli ina kadherini yake, na kadherini huchagua kadherini inayofanana nayo. Baadaye ilionekana kwamba kiasi cha kadherini kwenye seli nacho kinaamua nani akae na nani, lakini wazo la msingi lilikuwa limeshasimama.

Lililoharibu furaha lilikuwa jaribio jingine la mwaka huohuo wa 1988. Akira Nagafuchi na Takeichi walikata mkia wa kadherini, ule unaoning'inia ndani ya seli, wakaiacha sehemu ya nje ikiwa nzima bila mkwaruzo. Seli hazikushikana. Ukilitafakari hilo utaona ni la ajabu. Mikono ipo, kalsiamu ipo, triptofani zipo, na bado seli zinapitana kama wageni. Maana yake ni moja: kuna kitu ndani ya seli kinachoshika mkia, na bila hicho mshiko wa nje ni bure.

Jibu lilikuja mwaka 1989. Kemler na wenzake waliivua kadherini kutoka kwenye seli kwa kingamwili, wakakuta imekuja na protini tatu zilizoing'ang'ania. Wakaziita katenini, wakazipa herufi za Kigiriki: alfa, beta na gama. Majina yanawadanganya wanafunzi wengi, kwa hiyo nitasema wazi: alfa si ndugu wa beta. Beta na gama (hii ya tatu inaitwa pia plakoglobini) ni ukoo mmoja, zimejengwa kwa vipande vinavyojirudia na kujipinda kama ond. Alfa ni ya ukoo mwingine kabisa, ukoo wa protini iitwayo vinkulini, ambayo tutaikuta mbele. Zilipewa jina moja kwa sababu zilikamatwa pamoja.

Nani kati yao ana kazi gani? Mwaka 1992 seli za saratani ya mapafu ziitwazo PC9 zilisaidia kujibu. Zilikuwa na kadherini nyingi lakini hazikushikana vizuri, na ilionekana zimekosa alfa-katenini. Zilipopewa alfa-katenini zikashikana. Mwaka 1994 Nagafuchi akaenda mbali zaidi: akaunganisha kadherini na alfa-katenini moja kwa moja, kana kwamba beta haikuwahi kuwepo, na seli zikashikana kwa nguvu. Kwa maoni yangu hilo ni mojawapo ya majaribio safi kabisa katika habari hii yote. Lilionyesha kwamba katika suala la kushikana, beta-katenini ni kiunganishi cha katikati, na alfa ndiyo mwenye mzigo.

Hata hivyo, beta si mpita njia. Mkia wa kadherini ukiwa peke yake hauna umbo. Ni uzi uliolegea, na seli huuona kama takataka ya kuharibiwa. Beta-katenini huukamata mapema sana, wakati kadherini bado inatengenezwa ndani ya seli, na kuukinga hadi ufike kwenye utando. Mwaka 2001 Andrew Huber na William Weis walitoa picha ya atomi za mshikamano huo: mkia wa kadherini umejilaza katika mfereji mrefu wa beta-katenini, ukiugusa karibu urefu wote wa ond yake. Kuna na katenini ya nne, p120, inayoshika mkia huo karibu zaidi na utando na kuzuia kadherini isimezwe na kurudishwa ndani ya seli. Ukiiondoa p120, kadherini hupungua usoni mwa seli. Tuiache hapo.

Mwaka mchoro ulipovunjika

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, basi, kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Alfa-katenini inashika beta, hilo lilipimwa. Alfa-katenini inashika aktini, hilo nalo lilipimwa. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba alfa inazishika zote mbili kwa wakati mmoja, na watu walidhani ni suala la kukamilisha taratibu tu.

Mwaka 2005 makala mbili kutoka maabara za James Nelson na William Weis, Chuo Kikuu cha Stanford, zikasema hapana. Walisafisha kila protini, wakazichanganya, wakapima. Alfa-katenini iliyo peke yake inashika beta vizuri, lakini ikishaishika beta inakuwa haina hamu na aktini. Alfa-katenini zinazoshika aktini kwa nguvu ni zile zilizoungana mbili mbili, na zikiungana hivyo haziwezi kuishika beta, kwa sababu sehemu zinazotumia kuungana ndizo zilezile zinazotumia kumshika beta. Ama hiki au kile. Mnyororo ule wa kwenye mchoro ukawa umekatika katikati, na umekatwa na watu waliokuwa wakiuamini.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kukuna vichwa. Viinitete vya nzi wa matunda na vya panya vilionyesha wazi kuwa alfa-katenini inahitajika ili seli zishikane. Vipimo vya kwenye chupa vilionyesha kuwa haiwezi kufanya kazi inayodaiwa kuifanya. Pande zote mbili zilikuwa na data nzuri. Katika sayansi hali hiyo kwa kawaida ina maana kuna kitu kimoja ambacho hakikuwekwa kwenye chupa.

Kitu hicho kilikuwa mvuto. Dokezo la kwanza lilitoka Japani mwaka 2010, kwa Shigenobu Yonemura na wenzake. Walionyesha kwamba alfa-katenini ikivutwa hufunguka katikati na kuanika sehemu iliyokuwa imefichwa, na vinkulini huja kuishika sehemu hiyo. Vinkulini nayo ina mkono wake wa aktini. Kwa hiyo kiungio kinachovutwa zaidi huita wasaidizi zaidi. Seli ikiacha kuvuta, sehemu ile hujikunja, vinkulini huondoka. Nguvu inayotosha kuifungua ni ndogo mno, takribani pikonyutoni 5 (pikonyutoni ni sehemu moja ya trilioni ya nyutoni, kipimo cha nguvu), kiasi ambacho mota chache za mayosini zikivuta uzi wa aktini zinaweza kukifikia bila shida.

Dokezo la pili ndilo lililofunga mjadala. Mwaka 2014 kikundi cha Stanford, kikiwa sasa na Alexander Dunn na zana zake za mwanga, kilichukua uzi mmoja wa aktini, kikaushika ncha zake mbili kwa mionzi ya leza, kikauteremsha juu ya protini za kadherini, beta na alfa zilizokwisha kuungana, kisha kikausogeza huku na huku. Bila mvuto, mshiko ulikuwa dhaifu, kama walivyosema wenyewe mwaka 2005. Wakivuta kidogo, mshiko ukadumu zaidi. Wakivuta kufikia karibu pikonyutoni 8 hadi 10 ukafikia kilele chake, na kupita hapo ukaanza kuachia.

Hapa akili ya kawaida inagoma, kwa maana tumezoea kwamba kadiri unavyovuta ndivyo kinavyoachia upesi. Lakini yeyote aliyemfunga mbuzi kando ya barabara kwa kitanzi cha mguuni anaijua tabia hii. Mbuzi akisimama, kitanzi kinalegea na unaweza kukivua kwa kidole kimoja. Akikurupuka kufuata majani ya jirani, kitanzi kinakaza, na kadiri anavyovuta ndivyo kinavyomshika. Mshiko wa alfa-katenini na aktini uko hivyo. Sehemu yake inayoshika aktini ina maumbo mawili, moja la mshiko dhaifu na jingine la mshiko imara, na mvuto husukuma kutoka la kwanza kwenda la pili. Mwaka 2020 hadubini za elektroni zilionyesha maumbo hayo kwa undani: vipande vya mwanzo vya sehemu hiyo hulazimika kufunguka ndipo mshiko imara upatikane.

Ukilielewa hili, hesabu ya 2005 haionekani tena kuwa kosa. Walipima kitu sahihi katika hali ambayo mwilini haipo karibu kamwe, hali ya utulivu kamili. Na unaelewa pia kwa nini mpangilio huu ni wa busara. Seli zinahitaji kupitana wakati kiinitete kinajengwa, na ngozi iliyokatwa inahitaji kuziba pengo. Mshiko ulio dhaifu bila mvuto na imara penye mvuto unaziruhusu seli kusogea pale pasipo na mzigo na kung'ang'ania pale penye mzigo, bila mtu wa kuamuru.

Maisha ya pili ya beta

Nimesema beta-katenini ni kiunganishi cha katikati. Kama ingekuwa hicho tu, vitabu vya saratani visingeitaja kila ukurasa. Nzi wa matunda ana protini inayofanana nayo sana, iitwayo armadilo, ambayo jeni yake iligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu tofauti kabisa: jeni zinazopanga pingili za mwili wa kiluwiluwi. Mwaka 1991 mfuatano wa asidi amino za beta-katenini ulipowekwa kando ya ule wa armadilo, watu wa fani mbili ambao hawakuwa wakisoma makala za wenzao wakajikuta wanazungumzia protini moja.

Kazi yake ya pili ni hii. Beta-katenini iliyo huru, isiyoshikwa na kadherini, huelea katika sitoplazimu, na kwa kawaida haiishi muda mrefu. Kundi la protini, zikiwemo APC na aksini, huikamata, kuibandika fosfeti na kuipeleka ikaharibiwe. Ishara iitwayo Wnt ikifika kwenye seli, kundi hilo husimamishwa, beta-katenini huongezeka, huingia katika kiini na kuwasha jeni za kuzaliana kwa seli. Katika utumbo hilo ni jambo la kila siku, maana kuta za utumbo hubadilishwa seli zake kila baada ya siku chache. Matatizo huanza jeni ya APC inapoharibika. Hapo beta-katenini haiharibiwi tena, jeni za kuzaliana hubaki zimewashwa, na hicho ndicho chanzo cha saratani nyingi za utumbo mpana.

Kuna hitimisho ambalo wanafunzi hulirukia, na hata baadhi ya makala: kwamba kadherini ikipotea, beta-katenini yote iliyokuwa imeishika itakimbilia kwenye kiini na kuleta saratani. Linaonekana la kimantiki. Lakini angalia saratani ya matiti ya aina ya lobula, iliyopewa jina la vijitezi vya maziwa. Seli zake kwa kawaida zimepoteza E-kadherini, na chini ya hadubini unaziona zikitembea moja moja katika mistari myembamba, zikiwa hazishikani. Beta-katenini haionekani kwenye utando wala haijajaa kwenye kiini. Imetoweka, kwa sababu lile kundi la APC lipo na linafanya kazi yake. Kupoteza kadherini na kuwasha Wnt ni mambo mawili, na yanaweza kutokea kila moja kivyake. Wataalamu wa patholojia hutumia jambo hilo kila siku: rangi ya kingamwili dhidi ya E-kadherini husaidia kutofautisha aina ya lobula na ile ya kawaida zaidi inayoanzia kwenye mirija. Hapa kwetu vipimo vya namna hiyo hufanyika katika maabara chache kubwa, na sampuli nyingi za wilayani hulazimika kusafiri.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kadherini iliyoharibika unatoka New Zealand. Mwaka 1998 watafiti walichunguza ukoo wa Kimaori uliokuwa ukipoteza vijana wake kwa saratani ya tumbo, kizazi baada ya kizazi, wakakuta jeni ya E-kadherini, iliyoko kwenye kromosomu ya 16, ina hitilafu inayorithiwa. Saratani hiyo haijengi uvimbe unaoonekana kirahisi. Seli zake hutawanyika moja moja ndani ya ukuta wa tumbo, na kamera ya daktari inaweza kupita juu yake bila kuona kitu. Ndiyo maana baadhi ya waliorithi hitilafu hiyo hushauriwa watolewe tumbo lote kabla ugonjwa haujaanza.

Uganda nayo ina sababu yake ya kuzijali protini hizi, na haiko kwenye tumbo. Iko kwenye mishipa ya damu. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza pale hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1967 kwa ajili ya limfoma ya Burkitt, saratani inayowapata hasa watoto, na baada ya muda mfupi ikaongeza kazi ya kutibu sarkoma ya Kaposi, saratani ambayo ilikuwa hapa hata kabla ya ukimwi. Kirusi kinachoisababisha kilipatikana mwaka 1994, na kimeenea sana katika nchi yetu. Seli kinazozipenda ni zile zilizotanda ndani ya mishipa ya damu na limfu, ambazo hushikana kwa kadherini yao maalumu, VE-kadherini, ikiwa na katenini zilezile upande wa ndani. Mwaka 2008 majaribio ya maabara yalionyesha kwamba seli hizo zikiambukizwa, VE-kadherini yao hupungua na tabaka la seli hizo huanza kuvuja. Mmoja wa wahusika ni protini ya kirusi iitwayo K5, inayoibandika kadherini alama ya kuharibiwa. Madaktari wanaowaona wagonjwa wa Kaposi wanaijua miguu iliyovimba maji. Sehemu ya uvimbe huo hutokana na mirija ya limfu kuziba, na sehemu nyingine na mishipa kuvuja.